Mlenda wa Balozi

Jumanne, 19 Novemba 1974

Daftari hili nimepewa na Sista Felista wa hospitali ya misheni, na si la kuandikia mambo yangu. Ameagiza niandike kila siku vitu vitatu: Hana kanywa kidonge au hakunywa, kala nini, na kama nimeona damu mahali isipopaswa kuonekana, puani, kwenye fizi au kwenye mkojo. "Wenzako nawaambia wachore alama za mkaa ukutani," alisema, "wewe ni mwalimu wa watu wazima, wewe andika." Nitaandika. Ila kurasa ni nyingi na mimi nina zaidi ya vitu vitatu.

La kwanza liandikwe nikiwa bado na hasira, ingawa sidhani kama itapoa. Mwezi wa nane, siku tulipohamishwa kwa lazima kuja kijiji kipya, mwanangu Hana, wa miaka tisa, alikuwa amelala ndani ana homa. Melkizedeki, balozi wetu wa nyumba kumi, alipanda juu ya tembe yetu na jembe akaanza kufukua udongo wa paa. Nilimwambia mtoto yumo ndani. Nikamwambia mara ya pili. Akasema, "Mama, ni amri, lori linasubiri." Nikaingia kumbeba, na boriti ikatangulia kuanguka. Ikamvunja mguu wa kulia juu ya goti.

Mguu ulifungwa plasta akalazwa chali wiki nyingi. Kwa kulala vile damu ikaganda ndani ya mshipa wa paja, na kipande kikakatika kikapanda mpaka kifuani. Tulikaribia kumzika. Sasa anakunywa kidonge kimoja na nusu kila jua linapotua, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi lazima apimwe, kwa sababu ikizidi atavuja na ikipungua ataganda. Sista hupima kwa saa. Leo damu ya Hana imeganda kwa sekunde ishirini na sita. Ya mtu mzima wa afya ni kumi na mbili. Wanataka ya Hana ibaki ishirini na tano hivi, mpaka Juni.

Masharti: asipewe aspirini, asipande miti, wala chakula chake kisibadilishwe. "Nyumbani anakula nini?" Sista aliuliza. Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Nikasema ugali na maharage, na nyama Jumapili. Sista akasema vizuri, ndicho anachokula hapa.

Mume wangu Zefania yuko kwenye ujenzi wa reli ya Uhuru tangu mwaka jana. Nimemwandikia barua. Sikumwandikia yote.

Alhamisi, 21 Novemba

Kanywa. Ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na dagaa. Damu hakuna.

Jumapili, 24 Novemba

Kanywa. Ugali wa yanga na maharage ya mgao.

Baada ya ibada nilikutana na Melkizedeki mlangoni pa kanisa. Ana umri wa baba yangu mdogo. Tangu nizaliwe sijawahi kumpita mtu wa umri ule bila shikamoo. Nilimpita. Watu waliona. Mama mkwe wangu, Selina, alinivuta kanga akaninong'oneza, "Utalaaniwa wewe." Nikamwambia tumeshalaaniwa, Mama, limebaki la kumlaani yeye.

Hana anatembea kwa fimbo. Nimehesabu: kutoka kitandani mpaka jikoni hatua kumi na tisa, na hapo hupumzika.

Jumatatu, 2 Desemba

Kanywa. Fizi zimetoa damu kidogo aliposugua meno kwa mswaki wa mti. Imekoma yenyewe. Joto kali, wingu hakuna. Huu unga wa njano wa msaada hata kuku wanautazama kwanza kabla ya kuudonoa.

Jumatatu, 9 Desemba

Kanywa. Ugali na dagaa.

Sikukuu ya Uhuru. Melkizedeki alisimama mbele ya kijiji kipya kizima akasema tumehamia kwenye maendeleo, na kwamba aliyeachwa nyuma ameachwa na ukaidi wake. Hana alikuwa amekaa chini mbele kabisa, fimbo mapajani. Alipomaliza, mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakapiga vigelegele, naye akapokea vigelegele vile kama vya kwake.

Ijumaa, 13 Desemba

Jana tulikwenda kupima kwa lori la mizigo lipitalo njia ya Shelui. Sekunde ishirini na tano. Sista alifurahi.

Aliponipa vidonge vya miezi miwili, kwa kuwa mvua hukata barabara, alinionya niviweke juu, mbali na watoto. Akasema dawa hii ukiizidisha sana ndiyo ile ile inayowekwa ghalani kuua panya. Panya akila siku kadhaa anavuja damu ndani kwa ndani bila kujua. "Dawa ni kipimo, Mama Hana."

Sikusikia tena aliyoyasema. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasaga vidonge moyoni, namtilia Melkizedeki kwenye uji wake, kimoja leo, kimoja kesho. Nimevihesabu leo. Vipo tisini. Kilichonizuia si Mungu, nisijisingizie uchamungu. Kilichonizuia ni kwamba kila kidonge ambacho ningempa yeye, Hana angekikosa.

Jumatano, 18 Desemba

Kanywa. Ugali na maziwa ya mgando kwa jirani.

Leo lilikaa baraza la wazee kwenye kiwanja cha ofisi ya kijiji, mwenyekiti Mzee Kefa. Nilikuwa nimelidai tangu Novemba. Melkizedeki alikuja na shati lake la chama, akakaa kwenye kiti, sisi wengine kwenye magogo.

Aliulizwa kama aliivunja nyumba. Akasema, "Wazee wangu, nyumba ilivunjwa na amri."

Nikauliza, "Amri ina mikono? Ilishika jembe?"

Mzee Kefa akaniambia nisubiri zamu yangu. Kisha akasema mtoto ameumia, hilo halibishaniwi, na kwa desturi yetu aliyeumizwa ndiye hutaja fidia. "Taja, Mwalimu."

Watu walitega masikio wasikie nitataja mbuzi wangapi. Mama mkwe alikuwa amenifundisha niseme ng'ombe mtamba. Nikasimama nikasema, "Sitaki mbuzi. Mbuzi nitamla ataisha, na Balozi atasahau. Nataka mlenda. Nataka yeye mwenyewe, kwa mikono yake, achume mlenda kila asubuhi aulete mlangoni kwangu, mpaka mwanangu atembee bila fimbo. Na asimtume mkewe."

Halafu mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na kiwanja kizima kikalipuka. Kwetu mwanamume hula mlenda, mboga ya majani yenye utelezi, mpaka akalamba vidole, lakini kuuchuma ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume mwenye ndevu kuonekana ameinama shambani, kikapu mkononi, anachambua majani, bora aonekane amelewa.

"Wazee, hii ni fidia au ni dhihaka?" Melkizedeki aliuliza.

"Ametaja," alisema Mzee Kefa, naye mwenyewe amefunika mdomo kwa kiganja.

Nimelala usingizi leo mchana kama mtu aliyeshiba.

Alhamisi, 19 Desemba

Kanywa. Ugali na mlenda.

Alikuja saa moja asubuhi. Njia yote kutoka mashambani watoto walimfuata wanaimba. Aliweka kikapu mlangoni bila kunitazama. Nusu yalikuwa magugu. Nilimrudisha.

Ijumaa, 20 Desemba

Kanywa. Mlenda. Safari hii amechambua.

Jumapili, 22 Desemba

Kanywa. Mlenda. Alidhani Jumapili atapumzika. Nilimwambia njaa haipumziki.

Jumatano, 25 Desemba

Kanywa. Krismasi. Kuku mmoja, na mlenda. Mvua usiku kucha na mchana. Mlenda umeota hadi kwenye njia, mtu anaukanyaga. Mama mkwe anaupika kwa magadi na karanga za kusaga, Hana anauvuta kwa tonge mpaka anacheka. Baada ya miezi ile ya ugali mkavu, moyo wangu unafurahi mara mbili: mtoto anashiba, na adui anainama.

Jumamosi, 4 Januari 1975

Kanywa. Mlenda.

Nimerudi kutoka kuchota maji nikamkuta Melkizedeki amechuchumaa mbele ya Hana, kikapu kando. Hana alikuwa akimwonyesha kitabu chake cha shule. "Msomee mama hapa, Balozi," mtoto anasema. Akajibu kwamba amesahau miwani. Mtu huyu sijawahi kumwona na miwani tangu nimjue. Nikasema kwa sauti, "Balozi, mboga ukishaiweka, njia ndiyo ile." Aliondoka.

Hana alinuna. Anasema Balozi anamwambia hadithi za sungura, tena anakosea, fisi ndiye anashinda. Nikamwambia Balozi ana haki ya kumpendelea fisi.

Jumatatu, 13 Januari

Kanywa. Mlenda. Leo ilikuwa zamu ya kupima. Tulisimama barabarani tangu alfajiri. Hakuna lori. Wanasema daraja limekwenda na maji na magari yamelala kwenye tope. Sista aliniambia nisipitishe mwezi. Mwezi umepita.

Jumatano, 15 Januari

Kanywa. Mlenda. Mvua. Alikuja amelowa mpaka mfupani, ana kikohozi. Nilichungulia kikapuni nikamwambia fungu ni dogo, alete mawili. Halikuwa dogo. Nilitaka tu kuona kama atakataa.

Alhamisi, 16 Januari

Kanywa. Ameleta mawili.

Jumapili, 19 Januari

Kanywa. Mlenda asubuhi na jioni. Mvua. Barabara bado.

Jumatano, 22 Januari

Kanywa. Mlenda.

Hana amelalamika paja. Nimelinganisha miguu kwa uzi: wa kulia umezidi wa kushoto vidole vitatu, ngozi imevutika, inang'aa, ya moto. Ndivyo ilivyoanza mara ya kwanza. Nimehesabu vidonge mara nne. Hakijabaki cha ziada hata nusu. Hakukosa hata jioni moja. Basi ni nini?

Ijumaa, 24 Januari. Hospitali

Naandika nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake. Nianze na jana.

Jana asubuhi aliamka anahema kama aliyekimbia. Akakohoa, na kwenye kanga nikaona damu. Mama mkwe akaanza kulia kwa Kinyiramba, maneno ya msibani, nikamziba mdomo kwa mkono wangu, mimi, mkwe wake, Mungu anisamehe.

Saa ile ile Melkizedeki akatokea na kikapu.

Nilimwangalia nikaona kila kitu, au nilidhani nimeona. Kidonge hakikukosa. Kilichoingia mwilini mwa mwanangu ambacho sikukiandaa mimi ni kimoja tu, na ndicho kile kilichokuwa kikapuni. Wiki tano tumemfanya kichekesho cha watoto. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na sijui kama ningewaza haraka vile kama mimi mwenyewe nisingekuwa nimewahi kumsagia vidonge moyoni. Mwizi hudhani kila mtu mwizi.

Nilipiga ukelele. Nikasema, "Ameua mwanangu! Ametia sumu kwenye mboga!" Nikamwaga kikapu chake kwenye matope nikakikanyaga. Watu wakatoka majumbani. Akawa anasema, "Mimi? Mama Hana, mimi?" Vijana wa mgambo wakamkamata, mmoja akampiga rungu begani, akaanguka kwenye mlenda wake. Niliona. Sikusema acheni.

Trekta la kijiji lilitubeba mpaka kwenye mto. Wanaume wanne wakamvusha Hana juu ya kitanda cha kamba, maji kifuani, na ng'ambo tukapata lori la chumvi. Muda wote nilikuwa nasema naye. Alijibu kwa macho.

Sista Felista alimpima kabla hajavua koti la mvua. Sekunde kumi na tatu. Alirudia kupima. Kumi na tatu. "Hii ni damu ya mtoto asiyekunywa dawa kabisa," alisema, akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nikaapa kwa marehemu baba yangu kwamba amekunywa.

Wamemwekea maji ya mshipani na dawa nyingine ya sindano. Daktari amekuja mara tatu. Hakuna aliyeniambia atapona.

Jumamosi, 25 Januari

Yupo.

Jumapili, 26 Januari

Yupo. Ameomba maji.

Jumatano, 29 Januari

Homa imeshuka. Anahema vizuri zaidi.

Mama mkwe amefika kwa miguu na lori. Ameleta habari: Melkizedeki amepelekwa mahabusu wilayani. Ubalozi amevuliwa. Mkono wa kushoto hauinuki. Watu wamemchomea ua wa ng'ombe. Nilisikiliza kila neno taratibu, kama mtu anayenyonya mfupa. Nikamwambia arudie pale pa ua.

Jumapili, 2 Februari

Leo Sista alikaa na daftari hili kitandani kwa Hana akalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Sikupata nafasi ya kuchana kitu. Alikuwa anasoma kidole kikitembea, na mahali fulani alikaa muda mrefu sana, nikajua yuko Desemba kumi na tatu. Hakuinua uso.

Kisha akachukua penseli nyekundu akaanza kuzungushia duara. Mlenda. Mlenda. Mlenda. Zilipofika duara kumi na kitu akaacha.

"Ulikuwa unampa kiasi gani?"

"Mpaka ashibe."

"Mama Hana, majani mabichi yana kitu kinachogandisha damu. Kidonge kinavuta huku, majani yanavuta kule. Damu ya huyu tuliipima akiwa anakula maharage yetu, tukapanga kipimo cha dawa kwa maharage hayo. Nilikuambia msibadilishe chakula."

"Hatukubadilisha, Sista. Mlenda ndio chakula chetu. Kiangazi mkavu, masika mbichi. Kuna nyumba gani inayohesabu kuwa hiyo ni kubadilisha?"

"Nilikuuliza anakula nini. Uliniambia maharage."

Benchi lile la Novemba lilinijia lote, wake za watu na vikapu vyao, na mimi nimenyoosha shingo, mwalimu, nisionekane wa kula mlenda. Nikamkumbuka na yule mzee na kikohozi chake, nikimwambia fungu ni dogo, alete mawili.

Hakukuwa na sumu. Kilikuwa kisasi changu, nimekipika kwa magadi na karanga nikamlisha mwanangu tonge kwa tonge. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Hawasemi akiwa amembeba mtoto mgongoni inakuwaje.

Sista alipoinuka alisema, "Hayo mengine uliyoandika mimi sikuyaona." Akanirudishia daftari.

Jumanne, 4 Februari

Wamepanga upya. Hakatazwi mlenda. Atakula kiganja kimoja kilichopikwa, kila siku, kisipungue wala kisizidi, masika na kiangazi, na kidonge kimeongezwa kulingana nacho. Sekunde kumi na tisa, zinapanda.

Sijamwambia mtu kuhusu Melkizedeki. Kituo cha polisi kiko mwendo wa nusu saa kutoka hapa.

Alhamisi, 6 Februari

Sekunde ishirini na mbili. Sijaenda.

Yumo ndani kwa kosa lisilo lake, najua. Lakini kosa lake lipo, na kwa hilo hakuna aliyemgusa, tena alipigiwa vigelegele. Kama serikali imekosea mlango, imeingia nyumba inayostahili. Acha akae.

Jumamosi, 8 Februari

Sijaenda. Hana ameniuliza Balozi anakula nini huko. Nikamwambia alale.

Jumatatu, 10 Februari

Mama mkwe alimpelekea chakula mahabusu jana bila kuniambia. Ni mzee mwenzake, anasema, wamecheza ngoma moja. Nilifura. Halafu akaniambia neno ambalo limenikosesha raha hata ya kufura.

Melkizedeki analia. Anamwambia kila askari anayepita kwamba huenda ni kweli. Hakukusudia, lakini yeye ni mwanamume, hajui majani, huenda alichanganya jani baya humo asijue. Anaomba Hana amsamehe. Anasema atakubali kifungo.

Anakiri! Anakiri jani, ambalo halikuwepo. Nyumba aliyoivunja kwa jembe mchana kweupe, nikiwa nimesimama pale naongea, hiyo ni amri. Mguu wa mwanangu ni amri. Lakini jani la kubuni, hilo analilia. Atafungwa, atalipa, atatoka msafi, amelipia kitu ambacho hakukifanya, na kile alichokifanya hakitatajwa tena mpaka siku ya kiyama. Hapana. Toba hiyo sikubali anitapeli nayo.

Kesho asubuhi nakwenda.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda na Sista Felista. Nilisema mbele ya askari wawili kwamba mtu huyu hakumpa mwanangu sumu. Aliyemgandisha damu ni mimi, kwa kuficha nilichokuwa nampikia. Walimtoa. Amekonda. Alinitazama akasubiri, nadhani alisubiri niseme pole. Nikasema, "Lori la Shelui linaondoka saa sita." Tulipanda lori moja, yeye nyuma kabisa.

Jumatano, 26 Februari

Hana karudi nyumbani. Kanywa viwili na nusu. Mlenda kiganja kimoja, mama mkwe amechuma, mimi nimepima. Damu hakuna.

Baraza tena, na safari hii mshtakiwa ni mimi. Kusingizia mzee, kumpigisha, kumvunjia heshima. Sikubisha. Mzee Kefa akasema desturi ni ile ile, aliyeumizwa ataje. Mama mkwe alinishika mkono, tuna ng'ombe mmoja tu na ana mimba. Nilisema moyoni, atanituma nichote maji kwake kila siku, au nifagie boma lake huku wake za watu wananiimbia. Ndicho ningetaja mimi.

Melkizedeki alisimama, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Hakuvaa shati la chama.

"Aniandike kwenye darasa lake," alisema.

Watu hawakuelewa. Mzee mmoja akauliza, "Darasa la wasiojua kusoma? Wewe?"

"Mimi. Barua ya kuhama iliponifikia nilisomewa na karani, nikasema ndiyo, ndiyo. Mpaka leo sijui kama ilisema paa lile litolewe siku ile au ilisema vingine. Ninayo. Nataka kuisoma mwenyewe." Akageuka upande wangu. "Anifundishe yeye. Na asinipitishe kwa huruma."

Hakuna aliyecheka. Nilikaa nikitafuta ndani yangu ile furaha ya Desemba, sikuipata, nikazidi kumchukia kwa hilo.

Jumatatu, 3 Machi

Kanywa. Mlenda kiganja.

Amekuja darasani. Wanawake kumi na wanne na yeye. Kitabu cha darasa huanza na neno jingine, lakini mimi ndiye mwenye chaki. Niliandika ubaoni NYUMBA. Nikamwita mbele alisome silabi kwa silabi. Nyu. Mba. Nikamrudisha mara ishirini. Wanawake walijua ninachofanya, wakainamia daftari zao. Mara ya ishirini jasho lilikuwa linamtoka, akasema, "Mwalimu, nimelijua."

Jumatano, 12 Machi

Kanywa. Sekunde ishirini na tano! Barabara imetengenezwa. Melkizedeki anaandika i na kuisahau nukta yake. Nimemrudisha.

Alhamisi, 27 Machi

Kanywa. Mlenda kiganja. Mvua ya mwisho mwisho. Hana amemkuta Melkizedeki nje ya darasa akamsomea kitabu cha shule, halafu naye akasoma mstari mmoja, akitafuta kila silabi kama anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Sikumfukuza. Nilikuwa na kazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kanywa. Sekunde ishirini na nne. Mlenda unakomaa, mama mkwe ameanza kuanika wa kiangazi.

Ijumaa, 9 Mei

Kanywa. Sekunde ishirini na sita. Uwele umeinama mashambani. Hana ametembea mpaka kisimani bila fimbo na kurudi. Sikumwambia mtu, nililia jikoni nikasingizia moshi.

Alhamisi, 12 Juni

Hospitali. Daktari mwenyewe amemshika paja, amesikiliza kifua, ametazama sekunde. Amesema vidonge viachwe. Mguu wa kulia utabaki umevimba kidogo jioni, pengine maisha yake yote, na asisimame muda mrefu. Lakini ataishi. Alisema hivyo hivyo, ataishi, halafu akaita mgonjwa mwingine.

Vimebaki vidonge tisa. Nimemrudishia Sista, amevihesabu mbele yangu.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimetoa jaribio la darasa. Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili za kwake mwenyewe, bila kunakili ubaoni. Wanawake wengi waliandika juu ya mavuno na watoto wao. Melkizedeki alichukua saa nzima. Alikuwa anaandika, analamba penseli, anafuta kwa kidole, anaandika tena. Wenzake walishaondoka kwenda kuvuna. Aliniletea daftari akasimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mtoto.

Ameandika:

Nilivunja nyumba ya mwalimu mimi Melkizedeki. Niliambiwa mara mbili mtoto yumo.

Nilisoma mara tatu. Nilitafuta kosa. Nilitafuta herufi iliyopungua, nukta ya i, herufi kubwa, kituo. Nilitaka sana kuliona kosa, hata moja, nimrudishe akaandike upya. Vyote vilikuwepo, na nukta za i zote.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka vema kwa kila sentensi, nikamrudishia daftari lake. Kisha nikafunga darasa, tukatoka.